Je, wajua kwa nini mtoto anayependa katuni hukimbilia penseli?

Mtoto akitazama mechi ya mpira, hutoka nje kucheza mpira. Akitazama katuni, mara nyingi hutafuta karatasi. La kwanza halimshangazi mtu, lakini la pili linastahili kuulizwa. Filamu za watu halisi nazo humsisimua, na picha nzuri ya rangi za mafuta huweza kumvuta macho, ila ni nadra mtoto wa miaka sita kuondoka mbele ya picha hizo akiwa na hamu ya kuzichora yeye mwenyewe. Katuni ina nini basi?

Mhusika wa katuni ameumbwa tangu mwanzo ili achorwe upya mara elfu, na mikono ya watu tofauti, kwa muda mfupi. Wepesi anaouona mtoto kwenye skrini haukuja kwa bahati. Ulizaliwa na hesabu ya kazi.

Hesabu yenyewe ni hii. Filamu ya sinema hupitisha fremu 24, yaani picha moja moja, kila sekunde. Katika vibonzo vya kuchorwa kwa mkono, kila mchoro kwa kawaida hupigwa picha mara mbili, kwa hiyo sekunde moja hula michoro 12, na dakika moja michoro 720, tena kwa mhusika mmoja tu. Sasa mvalishe mhusika huyo shati lenye vifungo sita: umejitwisha vifungo 4,320 kwa dakika. Ukimwongezea mistari kumi kifuani, hiyo ni mistari 7,200. Hakuna studio inayobeba mzigo kama huo bila sababu. Ndiyo maana vidole vitano vikawa vinne, mikunjo ya nguo ikafutwa, nywele zikawa kipande kimoja badala ya nyuzi, na rangi ikamwagwa bapa bila kivuli. Kilichobaki ni kile tu ambacho bila hicho usingemtambua mhusika.

Chukua masikio ya Mickey Mouse, aliyetambulishwa kwa watazamaji mwaka 1928. Ni maduara mawili, na akigeuka kushoto, kulia au akikutazama usoni, hubaki maduara mawili. Sikio la kweli lingebadilika umbo kila kichwa kinapozunguka. Hili halibadiliki, kwa sababu aliyelibuni alitaka mchoraji yeyote aliweke bila kufikiri. Yogi Bear, dubu wa katuni aliyeanza kuonekana kwenye televisheni mwaka 1958, ana kola na tai shingoni. Tai ile haikuwekwa kwa ajili ya unadhifu pekee. Inaficha mpaka wa kichwa na kiwiliwili, hivyo kichwa kiliweza kuchorwa kikisogea huku kiwiliwili kikitumika kilekile fremu baada ya fremu.

Mtoto hajui lolote kati ya haya, lakini mkono wake unayaona. Anapomtazama mhusika, anachokiona ni duara, duara jingine, mstari, nukta mbili. Kila kipande tayari anakiweza.

Hapo ndipo umri unapoingia. Kati ya miaka mitatu na minne hivi, watoto wengi huweza kufunga duara: kurudisha mstari pale ulipoanzia. Muda si mrefu huchora mtu wao wa kwanza, kichwa kikubwa chenye macho, na miguu inayotoka moja kwa moja kichwani, kama kiluwiluwi. Ukiutazama mchoro huo vizuri, utaona kwamba alfabeti yake ni ileile ya katuni. Umbali kati ya kile mtoto anachoweza na kile anachokipenda ni mdogo kiasi kwamba anaona anaweza kuuvuka leo hii, kabla ya chakula cha jioni. Picha halisi haimpi nafasi hiyo. Farasi wa kwenye picha ya kamera yuko mbali naye kwa miaka kumi ya mazoezi.

Kisha hufika kipindi kigumu, kati ya miaka tisa na kumi na moja kwa wengi, pale mtoto anapoanza kujihukumu. Anataka mkono ufanane na mkono, haufanani, na wengi huweka penseli chini na kusema hawajui kuchora. Anayechora katuni ana njia ya kupita hapo, kwa sababu kipimo chake ni tofauti. Mchoro wake hauhitaji kufanana na picha ya kamera, unahitaji kufanana na mhusika, na hilo linawezekana. Mwaka 1977 watafiti wa elimu ya sanaa nchini Marekani, Brent na Marjorie Wilson, walionyesha kwamba michoro ya vijana waliowachunguza ilitokana kwa sehemu kubwa na michoro ya watu wengine waliyokuwa wameiona, zikiwemo katuni. Walimu wengi walikuwa wakiamini kwamba kunakili kunaua ubunifu. Kwa maoni yetu imani hiyo imewaumiza watoto wengi bure. Hakuna anayemkataza mtoto kuiga maneno ya wakubwa anapojifunza kusema, na kuchora nako kuna maneno yake.

Kuna jambo jingine linalotokea mtoto anapokaa kumchora shujaa wake, na huenda hili ndilo lenye nguvu kuliko yote. Amemwona mara mia. Anaamini anamjua. Lakini kumtambua mtu na kumkumbuka ni kazi mbili tofauti za akili. Mwaka 1979 wanasaikolojia Raymond Nickerson na Marilyn Adams waliwapa Wamarekani jaribio la kuchora kutoka kichwani sarafu ya senti moja ya nchi yao, kitu ambacho walikuwa wamekishika maisha yao yote. Wengi walishindwa kuweka alama zake mahali pake. Ndivyo inavyomkuta mtoto. Penseli inafika kwenye mfuko wa shati na kusimama: mfuko uko upande gani? Nyusi zinagusa jicho au zinaelea? Kesho yake anaitazama katuni ileile kwa macho mapya, akitafuta majibu. Hapo mtazamaji ameanza kuwa mchoraji, hata kama karatasi yake bado imejaa makosa.

Zoezi linalokuza kipaji hicho ni rahisi. Mtazame mhusika kwa dakika moja, funika picha, mchore kutoka kichwani kwa penseli. Kisha funua picha na usahihishe kwa kalamu ya rangi nyekundu juu ya mchoro uleule, bila kufuta. Kesho rudia. Ile mistari myekundu ndiyo mafunzo yenyewe, na kwa kawaida hupungua siku hadi siku.

Kunakili kwa kuweka karatasi juu ya picha na kufuata mistari je? Kunafaa kuzoesha mkono mikunjo ya mistari, lakini hakuachi mengi kichwani, kwa sababu uamuzi wote mgumu (ukubwa, umbali, pembe) umeshafanywa na mwingine. Mara mbili tatu zinatosha, kisha picha iwekwe pembeni.

Sasa tuangalie kichwa kimoja kinavyojengwa. Tumia penseli ya H au HB kwa mifupa ya mchoro, na 2B kwa mstari wa mwisho. Chora duara la sentimita tano hivi. Usilichore kwa vidole. Zungusha mkono kutoka begani mara mbili tatu hewani, kisha teremsha ncha ya penseli ikiwa bado kwenye mwendo. Duara la vidole huwa na kona, la bega huwa laini. Juu ya duara pitisha mstari mmoja kutoka juu hadi chini na mwingine wa kulala. Mistari hii isinyooke kama ya rula. Ipinde, kama inavyopinda ukiichora kwenye ganda la chungwa. Ule wa wima unaonyesha uso unaelekea wapi, na ule wa kulala unabeba macho. Ongeza taya chini, weka macho yote mawili kama viduara vitupu, pua, mdomo, halafu umbo la nje la nywele. Mboni na kope huja mwisho kabisa.

Wanaoanza hufanya kinyume. Huanza na jicho moja, hulimaliza likapendeza, lenye kope na mng'ao, kisha jicho la pili hukosa nafasi, na kichwa chote hulazimika kujengwa kuzunguka jicho lile. Matokeo ni uso uliopinda, na mtoto hudhani tatizo ni kipaji. Tatizo ni mpangilio wa kazi.

Kosa la pili ni macho kuwekwa juu mno, karibu na mpaka wa nywele. Kwa binadamu wa kweli macho yako katikati ya urefu wa kichwa, na wahusika wengi wa katuni wanayo chini zaidi ya hapo, ili paji la uso liwe kubwa. Konrad Lorenz, mtafiti wa tabia za wanyama, alieleza mwaka 1943 kwamba paji kubwa, macho makubwa yaliyo chini na mashavu ya mviringo hutuvuta kwa sababu ndiyo sura ya mtoto mchanga. Ukipandisha macho, mhusika anazeeka ghafla, na mchoraji hajui kilichoharibika.

Uwiano wa mwili hupimwa kwa vichwa. Mtu mzima wa kweli ana urefu wa vichwa saba hadi saba na nusu. Wahusika wengi wa katuni wana vichwa viwili na nusu hadi vinne. Pima kwa penseli urefu wa kichwa cha mhusika unayemnakili, hesabu vinaingia vingapi hadi unyayoni, na uweke alama hizo kwenye karatasi yako kabla ya kuchora kiwiliwili. Bila hivyo miguu huishia kufupishwa ili itoshe chini ya karatasi. Mchoro ukikusumbua na huoni kosa, ugeuze juu chini au uutazame kwenye kioo. Jicho lililokuwa limezoea litashtuka.

Upendo wa utotoni ukifika hapa huanza kuzaa wahusika wapya. Osamu Tezuka, mchoraji wa katuni aliyezaliwa Japani mwaka 1928, alikua akionyeshwa vibonzo vya Marekani nyumbani kwa projekta ya baba yake. Mhusika wake mashuhuri, mvulana wa roboti Astro Boy, ana vishungi viwili vya nywele vilivyochongoka ambavyo huonekana vyote viwili kichwa kikigeukia upande wowote, ujanja uleule wa masikio ya Mickey. Alianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Japani tarehe 1 Januari 1963. Miongoni mwa watoto waliomtazama alikuwamo Akira Toriyama, aliyezaliwa 1955, ambaye baadaye aliunda katuni ya Dragon Ball. Mtazame Goku, shujaa wa katuni hiyo: nywele zake nazo ni umbo moja jeusi lenye ncha, linalotambulika hata ukilipaka wino mtupu. Kipimo hicho ukitumie kwa mhusika wako mwenyewe. Mjaze weusi wote. Kama hujui tena ni nani, rekebisha umbo la nje kabla hujagusa uso.

Anayetaka kuona mhusika wake akitembea asianze na mhusika. Aanze na mpira, kwenye kijitabu cha kupeperusha kurasa. Kata karatasi sita za A4 vipande vinne vinne, upate kurasa 24. Ukurasa wa 1 uwe wa chini kabisa. Chora kwenye ukurasa huo mpira wa milimita 15, karibu na ukingo wa juu, sehemu ya kulia, maana upande wa kushoto utabanwa kwa kibanio. Weka ukurasa wa 2 juu yake: karatasi ya kawaida ya gramu 80 inaonyesha kidogo mchoro wa chini. Shusha mpira milimita 2. Kurasa zinazofuata ushushe 6, 10, 14, 18, kisha 22. Kwenye ukurasa wa 7 umefika ardhini, milimita 72 chini ya ulipoanzia. Hapo ubonyeze: upana 20, kimo 11. Ukibonyeza kimo bila kuongeza upana, mpira utaonekana umepoteza upepo. Kisha upandishe kwa vipimo vilevile kinyumenyume, 22, 18, 14, hadi mpira wa ukurasa wa 13 uwe juu tena, na urudie safari nzima. Mpira wa ukurasa wa 24 utakuwa umebakiza milimita 2 tu kufika pale ulipo wa ukurasa wa 1, kwa hiyo mwendo unaungana.

Ukipeperusha kwa kidole gumba kutoka chini kwenda juu na mpira ukashuka kwa mwendo mmoja kama lifti, umeweka nafasi sawasawa kati ya michoro. Rudi kwenye vipimo. Mpira ukitetemeka kushoto na kulia, kurasa hazikupangwa sawa: legeza kibanio, gonga ukingo wa chini na wa kulia mezani mpaka zikae sawa, ubane tena.