Nyumba ya kwanza Mbeya: nenda ukaione wakati mvua inanyesha

Mwezi Machi, mvua ikiwa imenyesha tangu usiku wa manane, nilipanda na muuguzi mmoja na mume wake kwenye mtaa ulio mguuni mwa mlima. Boma walilotaka kulinunua, yaani nyumba iliyoishia kuta bila paa, walikuwa wameliona Agosti. Agosti nyasi zilikuwa kavu, mji wote unaonekana chini, kuta zimefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha, na bei ilikuwa ndani ya uwezo wao. Machi tulikuta maji mekundu yanapita nyuma ya ukuta wa jikoni, tena si maji ya siku ile tu, maana yalishajichimbia njia yake. Mume alichuchumaa akaingiza mkono chini ya mawe ya msingi. Ulizama mpaka kwenye kiwiko.

Hawakusema neno. Yule dada alikunja mwavuli, akasema, "Mpima, turudi."

Mimi ni mpima ardhi. Nimefanya kazi hii miaka 17, mingi hapa Mbeya na michache Iringa. Kila wiki napigiwa simu na vijana waliochoka kupanga: walimu, manesi, wafanyabiashara wa soko la Mwanjelwa, mafundi. Wanataka nyumba yao ya kwanza, mtaa wenye heshima, bei ya mtu wa kawaida. Nyumba hizo zipo. Ila wengi wanaanza kutazama kuta na bati, karatasi wanaziulizia wakishalipa, na ardhi yenyewe hawaitazami kabisa. Mimi nawaomba waanze na ardhi.

Jiji letu limelala bondeni. Kaskazini kuna Loleza na safu ya milima ya Mbeya, kusini mashariki kuna Uporoto, na katikati inapita barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma. Watu wamejenga kuifuata barabara hiyo, kuanzia Uyole, Sae, Mafiati, mpaka Iyunga na kuendelea Mbalizi. Tambarare karibu na katikati ya mji ilishaisha, au bei yake si ya mtu anayeanza. Uliza Forest Mpya au Block T utaona. Kwa hiyo mwenye hela kidogo ana njia mbili: apande mlimani, au asogee mbali kwenye viwanja vilivyopimwa.

Ushauri wangu ni kusogea. Najua nauli ya kila siku inauma, na uiweke kwenye hesabu: kwenda na kurudi, mara siku 26 za mwezi, mara idadi ya watu wanaosafiri nyumbani kwako. Hata hivyo, nauli unaweza kuipangia. Maporomoko huwezi kuyapangia. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetele lilishuka Itezi likafukia nyumba za watu. Nilikwenda siku zilizofuata. Niliona paa la bati limebaki juu ya tope kama limewekwa pale na mtu, na chini yake ilikuwa ni nyumba ya familia, yenye vyombo vyao ndani. Tangu siku hiyo, mteja akiniambia "mlimani bei ni nzuri," namwomba kwanza tutembee upande wa juu wa kiwanja, siyo ndani yake. Tunapanda mita 200 au 300 kuangalia miti imekatwa wapi, mashamba yamelimwa kufuata mteremko au kuukinga, na makorongo yanaelekea wapi. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuishia Aprili au Mei. Ukinunua kiangazi bila kurudi masika, umeona nusu ya kiwanja.

Na huo mtaa wenye heshima ni upi? Vijana wengi wananijibu lami na geti. Mimi nauliza jambo moja: usiku wa manane mama akishikwa na uchungu, gari litafika mlangoni? Kuna mitaa hapa mjini ambako mgonjwa bado anabebwa kwenye kiti mpaka barabarani, kwa sababu nyumba zilitangulia na ramani ikaja baadaye. Watu wa mitaa hiyo ni majirani wema, na urasimishaji, yaani kupimiwa mtaa nyumba zikiwa zimeshajengwa, umewasaidia wengi kupata hati. Lakini upimaji hauwezi kurudisha barabara ambayo tayari ina vyumba vya watu juu yake. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chagua mtaa ambao barabara ilichorwa kabla ya nyumba ya kwanza. Kisha wasalimie akina mama wanaouza nyanya pale kona, uwaulize maji ya bomba yanatoka mara ngapi kwa wiki. Dalali hatakwambia ukweli huo. Wao watakwambia mpaka saa yanapotoka.

Sasa kuhusu vipimo. Huku kwetu kiwanja kisichopimwa huuzwa kwa miguu, yaani hatua: "miguu ishirini kwa ishirini." Mnunuzi anasikia ishirini, kichwani anaweka mita. Hatua ya mtu wa kimo cha kawaida ni kama sentimita 75. Miguu ishirini ni mita 15, na 15 kwa 15 ni mita za mraba 225, wakati ishirini kwa ishirini za mita ni 400. Karibu nusu ya kiwanja imepotea, na hakuna aliyedanganya; mmehesabu vitu viwili tofauti. Nenda na tepu ya mita 50, mshike wewe na muuzaji, mpime pande zote nne na ulalo wa kona kwa kona. Ulalo mmoja ukiuzidi mwingine sana, kiwanja hakijakaa mraba, na ramani ya nyumba uliyochorewa huenda isikae.

Kama kimepimwa, tafuta bikoni. Ni kipande cha zege chenye chuma katikati na namba juu yake, mara nyingi kimefunikwa na udongo au majani ya maboga. Chukua jembe, kwangua polepole, soma namba. Linganisha na ramani ya upimaji: kila bikoni ina namba yake na umbali wake mpaka bikoni inayofuata. Niliwahi kufukua bikoni ambayo namba ilikuwa sahihi lakini umbali umepungua mita mbili na nusu. Mtu aliing'oa akaipanda upya, na zege lake lilikuwa halijashikana na ardhi hata kidogo. Nililitikisa kwa mkono mmoja. Kung'oa bikoni ni kosa la jinai. Lakini mwenye hasara ya kwanza ni wewe, utakayejenga choo ndani ya kiwanja cha jirani.

Karatasi nitazisema kwa ufupi, ila usiruke hata moja. Pata namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi ya mkoa ukaombe upekuzi rasmi. Utajua hati ni ya nani, kama imewekwa rehani benki, kama kuna zuio. Hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, kwa hiyo tazama imebaki mingapi na kodi ya ardhi inadaiwa kiasi gani. Muuzaji akiwa na ndoa, mwenzi wake asaini. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya wanandoa iuzwe bila ridhaa ya mwenzake, na nimeona mauzo yakivunjika baada ya mnunuzi kuhamia na watoto. Kama ni mali ya marehemu, aliyekaa mbele yako awe na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Kuwa mtoto mkubwa hakutoshi. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi mzuri, anawajua watu wake, ila mhuri wake hauthibitishi umiliki. Na ile "asilimia kumi ya mtaa" mnayodaiwa mkishauziana, mwombeni awaonyeshe sheria inayoitaja.

Kuna mistari mingine miwili isiyoonekana kwa macho. Wa kwanza ni mto: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira yake, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wa pili ni barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati. Ndiyo maana unaona nyumba za kandokando zenye alama ya X. Nyekundu ni wa kuondoka bila fidia, ya kijani ni wale ambao barabara imewafuata. Nyumba ya bei ya kutupa kandokando ya barabara kuu, ichunguze ukuta kabla ya kumsikiliza muuzaji. Rangi mpya upande unaotazama barabara inaweza kuwa imefunika kitu.

Kiwanja kitupu, boma, au nyumba iliyokwisha? Kwa anayeanza, chaguo langu ni boma kwenye mtaa uliopimwa. Muuzaji ameshalipia msingi na kuta, amekwama, na wewe unaweza kupaua vyumba viwili na kuhamia, uache kulipa kodi ya pango. Ila boma lililonyeshewa miaka minne linahitaji macho. Chukua msumari wa inchi nne ukwangue kati ya matofali. Udongo ukimwagika kama unga, saruji iliwekwa kidogo au hakuna. Tazama pembe za madirisha: ufa uliolala mshazari kutoka kwenye pembe kwenda chini unasema msingi umecheza. Nondo za lenta zikichungulia zikiwa na kutu, weka gharama ya kuirudia lenta kwenye bei unayotaja. Nenda na fundi wako, siyo fundi wa muuzaji.

Kisha jumlisha vitu vya nje ya kuta. Mwanzoni mwa 2022, kuunganishiwa umeme wa njia moja mjini, bila nguzo, kuliwekwa kuwa shilingi 320,960. Maeneo yanayohesabiwa kuwa ya vijijini ilikuwa 27,000, kwa hiyo uliza bei ya sasa, uliza mtaa wako umewekwa kundi gani, na uliza nguzo ya mwisho iko mita ngapi. Mkopo wa nyumba wa benki una riba yake, na benki inataka hati. Ndiyo maana kiwanja chenye hati, hata kikiwa kidogo, nakiona bora kuliko shamba la nusu eka la makubaliano ya mdomo. Pia muulize mtu wa mapato, kabla ya kuweka bei mezani, kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu ni kiasi gani, kisha mwandike kwenye mkataba nani analipa nini. Ugomvi mwingi ninaousikia unaanzia pale.

Yule muuguzi na mume wake walitafuta miezi minne zaidi. Mara mbili walinipigia wakiwa wamekata tamaa, na mara ya pili alinipigia mume peke yake, usiku, akisema labda waendelee tu kupanga. Mwezi Julai, kwenye baridi ile ya asubuhi ya Mbeya, tulipima boma Isyesye. Kiwanja cha mita 18 kwa 22, hati ya miaka 33, bikoni nne zote mahali pake. Ni dogo kuliko lile la mlimani, na halina mandhari yoyote. Walipaua vyumba viwili na jiko, madirisha ya sebule wakayaziba kwa mbao, wakahamia Oktoba.

Katikati ya Novemba dada alinitumia video fupi. Mvua inapiga bati mpaka sauti yake haisikiki. Kamera inatoka mlangoni, inavuka uwanja, inafika kwenye mfereji wa mtaa, na maji yanapita humo, yakielekea barabarani.