Umepiga 84 halafu umenuna, kwa nini?

Jumamosi moja nilitembea mashimo tisa ya mwisho na mama mmoja ninayemfundisha gofu, hendikapu 16, yaani mikwaju anayopunguziwa kulingana na uwezo wake. Akamaliza na mikwaju 84, na kwenye gofu michache ndiyo bora. Kiwanja chetu hapa Dar ni paa 72, yaani idadi ya mikwaju inayotegemewa, kwa hiyo ukitoa hendikapu yake inabaki 68, yaani pointi 40 za stebofodi, ile hesabu ya pointi kwa kila shimo, skoo ambayo hajawahi kuigusa tangu aanze kushika fimbo. Nikampa mkono kumpongeza, akaniangalia kama mtu aliyefumaniwa. "Mwalimu usinipongeze, leo nimeiba. Nimepiga vibaya siku nzima."

Hili neno "nimeiba" nalisikia kila wiki, kwa watu wa hendikapu 28 na wa hendikapu 3, na nataka nilizungumzie leo maana naona linawaumiza wachezaji wengi kuliko swingi mbovu, yaani mzungusho mbaya wa fimbo.

Furaha ya gofu inaanzia mikononi. Ukiupata mpira katikati kabisa ya uso wa fimbo husikii kitu, fimbo inapita kama haijagusa, unainua macho mpira uko juu tayari, na mtu akionja hiyo mara moja ataitafuta maisha yake yote. Sasa ikitokea siku mikono haijaonja hata mara mbili halafu kadi ya skoo inakwambia umecheza kuliko siku zote, mikono na kadi vinagombana na mikono ndiyo inayoaminiwa. Ndio maana utamkuta aliyepiga 95 anasimulia draiva moja, lile pigo refu la kuanzia, ya shimo la tano mpaka soda yake inaisha gesi, na aliyepiga 84 kajikunyata pembeni.

Nichukue shimo la 14 la huyo mama. Ni paa 4, upepo wa baharini unasukuma kulia, na draiva yake ikakata ikaingia chini ya miembe. Mpira uko juu ya majani makavu, mbele kuna tawi limeinama usawa wa bega, ila katikati ya matawi kuna kidirisha na bendera unaiona kabisa. Kedi wake, kijana anayembebea fimbo, akamwambia, "Mama, pale panapitika." Mama akapaangalia kwa muda, akachukua fimbo namba sita, akaishika chini karibu na chuma, akausukuma mpira chinichini mpaka kwenye feawei, ile njia ya nyasi fupi, mita 40 basi. Akabakiwa na mita 80. Weji yake, fimbo ya mapigo mafupi ya juu, ikachimba ardhi kidogo kabla ya mpira, mpira ukaangukia mwanzoni mwa grini, zile nyasi laini zenye shimo, ukabiringika ukasimama mita tatu toka kwenye shimo, akauzamisha. Mikwaju minne, paa. Yeye anakumbuka draiva mbovu, pigo la uoga, na weji ya kuchimba. Mimi nilikuwa nimesimama pale na nakwambia ndilo shimo bora nimemuona akicheza, kwa sababu miezi sita nyuma angepiga kwenye kile kidirisha, mpira ungegonga tawi, na tungekuwa tunaandika saba.

Wanafunzi wangu wote nawaambia waweke nukta ndogo kwenye kadi kwa kila pigo wanalolionea aibu. Ile 84 ilikuwa na nukta 11. Nikamwomba kadi ya zamani, ya siku aliyopiga 95, tukazilaza mezani. Nukta 10. Yaani siku mbaya alikuwa na mapigo ya aibu machache kuliko siku nzuri! Ila angalia zilivyokaa: kwenye 95 shimo la 6 lina nukta tatu, la 12 lina tatu, la 17 mbili, zimeshikana mikono, kosa moja likaita lingine, mpira msituni halafu hasira halafu mpira nje ya mpaka. Kwenye 84 nukta zimetawanyika, moja hapa moja kule, kila moja imekufa peke yake. Halafu kuna kitu cha pili ambacho hata yeye hakukiona mpaka nilipomwonyesha: siku ya 95 aliputi, yaani aliubiringisha mpira kwenye grini kuelekea shimoni, mara tatu kwenye grini sita, na hakuna hata puti moja iliyopewa nukta. Watu wanaona aibu kwa mpira ulioruka vibaya, puti ya mita moja na nusu ikipita pembeni wanasema bahati mbaya, wakati kwenye kadi ni mkwaju mmoja sawasawa na ule wa msituni.

Na hapa naomba mnisikilize, maana wengi picha ya pigo zuri wameitoa kwenye televisheni, na televisheni inaonyesha walioko juu siku hiyo wakipiga mapigo yao bora. Wale jamaa wa PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, kwa wastani wanafika grini kwa idadi ya mikwaju inayotakiwa kwenye mashimo kama 12 tu kati ya 18. Puti ya mita mbili na nusu hivi wanazamisha karibu nusu, nusu nyingine inakataa. Kutoka kama mita 130 katikati ya feawei, mpira mmoja mmoja kwa wastani unawabakisha mita 7 hivi toka shimoni. Mita 7! Mimi nina mwanafunzi akibakisha mita 7 anapiga fimbo chini.

Mwaka 1979 Seve Ballesteros, kijana wa Kihispania wa miaka 22 ambaye mwaka mmoja tu nyuma alikuwa ameshinda Kenya Open pale Muthaiga, Nairobi, alichukua The Open, yale mashindano makubwa ya Uingereza, kule Royal Lytham. Siku ya mwisho, shimo la 16, draiva yake ilienda kulia mpaka sehemu yalipoegeshwa magari. Akapewa nafuu bila adhabu, akapiga weji juu ya grini, akazamisha puti, bedi, yaani mkwaju mmoja chini ya paa. Akashinda kwa mikwaju mitatu, nyuma yake wakiwa Jack Nicklaus na Ben Crenshaw. Kuna waliosema yule ni bingwa wa maegesho, kwamba hapigi feawei. Lakini kombe lile halikuwa na alama ya kuuliza.

Tiger Woods pale Pebble Beach mwaka 2000, US Open aliyoshinda kwa tofauti ya mikwaju 15, ambayo watu wanaitaja kama gofu safi kuliko zote, siku ya tatu alipiga saba kwenye shimo la tatu ambalo ni paa 4. Na mwaka 2025 Rory McIlroy alivaa koti la kijani la bingwa wa Masters pale Augusta akiwa na dabo bogi nne, yaani mashimo manne ya mikwaju miwili juu ya paa, ndani ya wiki moja. Siku ya mwisho shimo la 13 alikuwa na weji mkononi, pigo ambalo hata mwanafunzi wangu angelitamani, akautia mpira majini. Mashimo mawili mbele, la 15, akauzungusha mpira kwenye miti ukatua kama mita mbili toka shimoni. Ukimuuliza mtu yeyote McIlroy wa kweli ni yupi, yule wa 13 au wa 15, atakwambia wa 15. Mimi nasema ni wote wawili, na kushinda kwake kulihitaji wa 15 atembee na yale maji ya 13 mguuni bila kuyabeba kichwani.

Sisemi kwamba kila skoo nzuri inastahili kuaminiwa. Mpira ukigonga mnazi ukarudi feawei, hiyo ni bahati, shukuru uendelee. Ukizamisha puti tatu za mita 12 siku moja usipange bajeti ya wiki ijayo kwa hizo. Lakini chipu, lile pigo fupi la kuingia grini, iliyosimama mita moja toka shimoni sio bahati, uamuzi wa kutoka pembeni sio bahati, kulenga upande wa grini usio na banka, lile shimo la mchanga, ukijua leo mikono haijaamka, hiyo sio bahati hata kidogo. Mimi nilianza kama kedi, nikajifunzia kwenye brauni, zile grini za mchanga uliochanganywa na oili, ukimaliza kuputi unaburuza gunia kufuta nyayo. Pale mpira ukiutupia bendera moja kwa moja unadunda unatoroka, lazima uuangushe nje kidogo uingie wenyewe. Kwa hiyo tulikua tukijua kukosa grini ni sehemu ya kazi, na hakuna mzee aliyetuambia tumeiba.

Aliyeniambia hivyo nilikutana naye baadaye, kwenye mashindano yangu ya kwanza makubwa. Nilipiga 71 nikiwa nimefika grini tisa tu, nikaokoa paa saba kwa chipu na puti moja. Mchezaji mmoja mkubwa kwangu akaniambia mbele za watu, "Dogo, leo umebahatika, swingi huna." Nikamwamini. Nikaenda renji, uwanja wa kufanyia mazoezi ya mapigo, miezi mitatu nikijenga swingi, kweli nikaanza kupiga mpira mzuri, ila zile saa za kuchipu jioni zikafa na skoo ikapanda hadi 78, 80. Ilinichukua karibu misimu miwili kurudi. Kwa hiyo mwanafunzi wangu akiniambia ameiba, mi sicheki, naogopa, maana najua kesho yake ataenda kupiga mipira 200 kutibu kitu kisichoumwa.

Na kuna hili la hendikapu pia, wengine wananuna kwa hofu kwamba itakatwa kwa skoo "ya uongo". Mfumo wa sasa unaotumika dunia nzima tangu 2020 unachukua wastani wa raundi zako 8 bora kati ya 20 za mwisho. Raundi moja haiwezi kukumaliza, na umejengwa hivyo ukijua kabisa kwamba siku nyingi utapiga juu ya hendikapu yako.

Yule mama tulikubaliana asiende renji wiki ile. Jumamosi iliyopita kapiga 86, kaniletea kadi imekunjwa mara nne mfukoni, nukta 12, na safari hii puti nazo kazipa nukta bila kuambiwa. Hazijashikana isipokuwa shimo la 11, lile la paa 3 la bwawani, nukta mbili zimebanana, mpira ulikufa kushoto kwenye nyasi ndefu na chipu ikavuka grini yote. Akaniuliza, "Mwalimu, pale kushoto mtu anatokaje?" Alhamisi saa kumi na moja jioni, jua likipungua, tunaenda pale na ndoo moja ya mipira.