Kubadilishana Data ya Afya Kielektroniki ni Nini Hasa

Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii ishike nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya Kenya, mwezi Oktoba 2024, ni vigumu kukaa katika mkutano wa wasimamizi wa hospitali jijini Nairobi bila mtu kutangaza kwamba mfumo wao umeunganishwa na bima. Ukidadisi kidogo, mara nyingi utakuta kilichounganishwa ni intaneti tu.

Kubadilishana data ya afya kielektroniki ni mfumo wa kompyuta wa taasisi moja kuupelekea mfumo wa taasisi nyingine taarifa zilizopangwa kwa muundo ulioafikiwa na pande zote mbili, ili mfumo unaopokea uzifanyie kazi bila mtu kuzinakili upya.

Mchukue karani wa madai katika hospitali ya Upper Hill. Mgonjwa akishatia sahihi, karani huipiga fomu muhuri, huiskani na kuipakia katika tovuti ya kampuni ya bima. Upande wa pili, karani mwenzake huifungua picha hiyo kwenye nusu moja ya skrini, na kwenye nusu nyingine huandika tena jina, nambari ya uanachama, ugonjwa na kiasi cha shilingi. Hati imesafiri kwa sekunde chache, lakini hakuna mfumo ulioisoma. Waliosoma ni makarani wawili, na kila mmoja ana nafasi yake ya kukosea.

Tuseme sasa picha zimeondolewa na mifumo inazungumza yenyewe. Bado hatujafika. Hospitali ikiandika "MAL" na bima ikitarajia B54, ambayo katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, ni malaria isiyobainishwa aina, dai litakwama ingawa mtandao hauna hitilafu yoyote. Maabara nayo ikituma sukari ya damu ya 5.6 bila kutaja kizio chake, mfumo uliozoea mmol/L utaiona ya kawaida, na ule uliozoea mg/dL, ambao ungetarajia takriban 101, utadhani mgonjwa amezimia. Ndiyo maana HL7, shirika la kutunga viwango vya kubadilishana data ya afya lililoanzishwa 1987, lilibeba tarakimu 7 katika jina lake: modeli ya OSI huyagawa mawasiliano ya kompyuta katika tabaka saba, na la juu kabisa ni la programu zenyewe. Nyaya na njia za kupitishia data ziko tabaka za chini, na huko ndiko wengi wetu huishia tunaposema tumeunganishwa.

Jambo la pili linalosahauliwa ni kwamba kubadilishana kuna kwenda na kurudi. Marekani, ambako sheria ya HIPAA ya 1996 ilifungua njia ya viwango vya lazima, dai la hospitali huenda kwa muundo unaoitwa 837, mmoja wa miundo ya kiwango cha X12, na maelezo ya malipo hurudi kwa 835. Katikati kuna jibu dogo, 999, linalothibitisha kwamba faili imefika na muundo wake umekaa sawa. Halisemi kwamba bima imekubali kulipa, na mhasibu anayelihesabu kama pesa zilizo njiani atajikuta na deni ambalo hakulitarajia. Huku kwetu viwango ni vingine, lakini tofauti kati ya kupokelewa, kukubaliwa na kulipwa ni ile ile.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kusimika programu za kubadilishana data hufanyika mezani kabla ya fundi kugusa seva: misimbo ipi itatumika, mgonjwa atatambuliwa kwa nambari gani, dai lililokataliwa litarudi kwa nani, na faili zipi za majaribio zitapita kwanza. Humo pia mna makubaliano ya faragha, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti.

Atakayetuambia kesho kwamba hospitali yake imeunganishwa na bima, tumkubalie, maana huenda ni kweli. Kisha tumwombe atuonyeshe dai moja lililokataliwa, na kama kosa lake lilirudi ndani ya mfumo uliolituma au katika barua pepe ya karani. Ikiwa ni barua pepe, kwa sasa hospitali hiyo inatuma hati mtandaoni, na kubadilishana data bado hakujaanza.