Kuacha karatasi hakutoshi

Wengi huamini kwamba shirika la mazingira likipunguza kuchapisha karatasi na kuzima taa za ofisi, limeshamaliza kazi ya kusafisha nyumba yake. Nia ni njema, lakini hesabu zinasema vingine.

Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Gari la mradi linalotumia lita 10 kwa kilomita 100, likitoka Nairobi hadi Mombasa na kurudi, hutoa zaidi ya kilo 250. Mjumbe mmoja akipanda ndege kutoka Nairobi kwenda mkutano London na kurudi, ni karibu tani nzima, pengine zaidi. Na taa? Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hutokana na mvuke wa ardhini kama ule wa Olkaria, maji na upepo, kwa hiyo kuzizima hupunguza kaboni kidogo tu.

Takwimu za kuyaona haya tayari zipo: daftari la safari za gari, risiti za mafuta, tiketi. Ziingize kwenye jedwali la kompyuta, kila safari na sababu yake. Yatajitokeza magari mawili yaliyokwenda kijiji kimoja wiki ileile. Mimi ningeanza na daftari la dereva kabla ya kugusa printa.