Injini ikigandishwa, pengo nalo linaganda

Kuanzia mwaka 2022 hadi msimu wa 2025 ulipoisha, watengenezaji wa injini za Formula 1 walizuiwa kuziongezea nguvu injini zao; ndiko kunakoitwa kugandisha injini. Machi 1, 2022 ilifungwa injini yenyewe pamoja na turbo, mafuta na oili, na motor inayovuna umeme kwenye turbo. Septemba 1 mwaka huohuo ikafuata betri, vidhibiti vya umeme na motor inayovuna nguvu gari linapofunga breki. Wapenzi wa langalanga tumebishana sana juu ya jambo hili, na mengi yanayosemwa hayako sawa.

“Injini zikigandishwa, timu zinalingana.”

Hii ndiyo dhana inayoniuma zaidi, maana walioumia kweli wanasahaulika. Kugandisha hakusawazishi chochote. Ukiingia ukiwa nyuma, unafungiwa hukohuko nyuma, na miaka minne kwenye mbio hizi ni mingi mno.

Renault walilijua hilo, ndiyo maana mwaka 2022 walileta injini mpya iliyokamuliwa nguvu hadi mwisho. Walikubali iharibike-haribike, kwa sababu kanuni iliruhusu kurekebisha ubovu lakini si kuongeza nguvu. Timu yao ya Alpine ililipa gharama hiyo barabarani, pampu ya maji ikiwa mojawapo ya vitu vilivyowasumbua. Bado mwaka 2023 walikuwa wakilalamika kwamba wenzao wanawazidi nguvu. Suala lilifika mezani kwa wakubwa wa mchezo, wakashindwa kuelewana. Mwaka 2024 Renault wakatangaza kwamba hawatatengeneza injini kwa kanuni za 2026. Sisemi kugandishwa peke yake ndiko kulikowaondoa, lakini kushindana huku mikono ya mafundi wako imefungwa si jambo dogo.

Nao hawakuwa wageni wa hali hiyo. Injini za V8, yaani za silinda nane, zilipogandishwa mwaka 2007, Renault walijikuta wameachwa, na kabla ya msimu wa 2009 Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, likawaruhusu kuifanyia kazi injini yao ili wawafikie wengine. Safari ya pili mlango huo haukufunguliwa.

“Iliyogandishwa haiguswi tena.”

Inaguswa. Mtengenezaji anaweza kuomba ruhusa ya FIA kurekebisha kitu kinachovunjika. Mwaka 2022 Charles Leclerc alikuwa akiongoza mbio Hispania, kisha Azerbaijan, na mara zote mbili Ferrari yake ikamfia njiani. Austria gari la Carlos Sainz likashika moto. Ferrari waliruhusiwa kutafuta dawa, na ilikuwa haki. Ila hapa pana siri ambayo watazamaji wengi hawaioni: injini dhaifu huendeshwa kwa kuhurumiwa, ikipunguziwa nguvu ili ifike mwisho wa mbio. Ukiipa uimara, unaweza kuikamua tena. Nguvu iliyozuiwa kuingia kwa mlango wa mbele inapita kwa huo wa nyuma, bila mtu kuvunja sheria.

Tena kanuni hufunga vyuma; akili ya mafundi inabaki huru. Enzi zile za V8, timu ya Red Bull na Renault waliokuwa wakiwapa injini walipanga kompyuta ya injini iendelee kusukuma moshi wa ekzosi hata dereva anapoachia mafuta kwenye kona. Moshi ule ulielekezwa chini ya gari nyuma, gari likanata barabarani. Injini ikawa pampu ya hewa! Red Bull walibeba ubingwa miaka minne mfululizo, 2010 hadi 2013, bila kuwa na injini inayosifiwa kwa nguvu kuliko zote.

“Zuio la 2022 lilikuwa zawadi kwa Red Bull.”

Ni kweli Red Bull ndio waliolipigania. Honda, waliokuwa wakiwapa injini, walitangaza Oktoba 2020 kwamba wanaondoka, na timu ikataka kubaki na injini zao bila kubeba gharama ya kuziendeleza. Lakini Februari 2021 kura ilipopigwa, wapinzani wao nao waliafiki, kila mmoja akitazama gharama na injini mpya zilizokuwa zinakuja.

Mwaka 2023 Red Bull walishinda mbio 21 kati ya 22, na wengi wakasema ni injini. Basi tazama AlphaTauri, timu yao ndogo: injini ileile, msimu uleule, wakamaliza nafasi ya nane bila kupanda jukwaani hata mara moja. Upande wa Mercedes ni vilevile. McLaren walianza 2023 Bahrain bila pointi, lakini mwaka 2024 wakawa mabingwa wa timu kwa mara ya kwanza tangu 1998, wakiwa wateja tu wa injini ya Mercedes. Williams, wateja wenzao, walikuwa wa tisa. Injini zikisimama, bodi, sakafu ya gari na utunzaji wa tairi ndivyo vinavyoamua.

Kanuni za 2026 zimeweka utaratibu ambao Renault waliukosa: FIA inapima nguvu za injini, na mtengenezaji aliyeachwa nyuma anapewa nafasi ya ziada ya kuiboresha yake. Alpine sasa wanatumia injini ya Mercedes.