Mgongo ukialika, si mfupa uliorudi mahali pake

Kuna ujumbe hauishi kwenye magrupu: mgongo ukiuma, mtafute mtu aunyonge mpaka ulie "ka!", mfupa urudi. Si kweli. Mlio huo hutokana na gesi iliyo kwenye ute wa kiungo. Alisha kidole uone: kinalia, na hakikuwa kimeteguka. Rudia papo hapo, kimya; mpaka kama dakika 20 zipite.

Kinachochanganya ni nafuu ya muda, tena maumivu mengi ya mgongo hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) hukutazama unavyoinama, hukukanda ikibidi, hukupa mazoezi yako, si ya jirani. Basi usiusambaze ujumbe huo. Ukipata ganzi sehemu za siri au ukishindwa kuzuia mkojo, wahi hospitali.