Mwarobaini na bakteria: maswali tunayoulizwa

Ni kweli mwarobaini unaua bakteria?
Maabarani, ndiyo. Majani, magome na mafuta ya mbegu zake yamepimwa mara nyingi dhidi ya Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu na vidonda vyenye usaha, na E. coli, chanzo kikuu cha UTI (maambukizi ya njia ya mkojo). Kwa kawaida E. coli ndiye mbishi zaidi, kwani ana utando wa ziada wa nje unaozuia kemikali nyingi kupenya.

Wanapimaje?
Majani hukaushwa, husagwa na kulowekwa kwenye maji au pombe za maabara (ethanoli au methanoli). Kilichochujwa hutiwa kwenye vikaratasi vinavyopangwa juu ya kisahani kilichopandwa bakteria. Kisahani hulala kwenye joto la nyuzi 37, kesho yake hupimwa upana wa duara ambamo bakteria hawakuota. Mara nyingi pombe hutoa dawa kali kuliko maji, na sisi nyumbani tunachemsha kwa maji.

Basi kwa nini nisinywe badala ya antibayotiki?
Tatizo ni kiasi. Antibayotiki inayofaa huzuia bakteria kwa mikrogramu chache tu katika mililita moja. Kilichochujwa kwenye majani mara nyingi huhitaji miligramu kadhaa, yaani takriban mara elfu zaidi. Kikombe chako hakifikishi kiasi hicho kwenye damu, na ukilazimisha, ini na figo ndivyo vitakavyoumia. Kisahani cha maabara hakina ini.

Na kwenye meno?
Hapo nina matumaini zaidi, maana dawa hukutana na bakteria ana kwa ana. Majaribio madogo ya kusukutua kwa mwarobaini yamepunguza uvimbe wa fizi. Mswaki wa kijiti endelea nao, ila usiache dawa ya meno yenye floraidi.

Nani asinywe?
Mjamzito na anayetafuta mtoto. Anayemeza dawa za kisukari amuulize daktari kwanza, kwani sukari inaweza kushuka mno. Mafuta yake mtoto asipewe hata kijiko: watoto wachanga wamewahi kupata degedege, kupoteza fahamu, hata kufariki.

Nina UTI na tayari nakunywa. Nifanyeje?
Kapime mkojo, na umwambie mhudumu unachokunywa, hatakucheka. Ukiwa na homa na maumivu ya ubavuni, au ukiwa mjamzito, nenda leo hii.